Nilijifundisha programu mwenyewe: nirudi chuo au niache kazi?

SWALI: Habari yako, Mwalimu. Nina miaka 27, naishi Umoja, Nairobi, na nafanya kazi Kilimani kwenye kampuni ndogo yenye mfumo wa kukusanya kodi za nyumba kwa niaba ya maajenti. Programu nilijifunza mwenyewe, kwanza kwenye saiba ya mtaani, halafu kwa laptopu ya mtumba na video za YouTube. Chuo kikuu sikufika. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Tuko watano, na wenzangu wanne wote wana shahada. Wakianza kuzungumza habari za indeksi, miamala ya hifadhidata na algoriti, mimi hutikisa kichwa kana kwamba naelewa. Mwezi uliopita mpangaji mmoja alilipa kodi mara moja, mfumo ukamwandikia mara mbili. Sehemu hiyo niliiandika mimi. Nilitafuta kosa siku mbili nisilione. Kiongozi wetu akaketi kwenye mashine yangu, akaongeza mistari michache, ikaisha. Akasema, "Haya ni mambo ya kawaida." Tangu hapo nangoja tu kuitwa niambiwe nimegunduliwa. Nirudi chuo miaka minne, au nikubali kwamba kazi hii si yangu?
J., Umoja

JIBU: Ndugu yangu J., wasiwasi ndiyo akili, na wako una nusu ya ukweli ndani yake. Sitakupoza kwa kukuambia uko sawa kabisa. Barua yako inaonyesha kuna mambo ya msingi huyajui, na mfumo unaoshika pesa za watu unayahitaji. Lakini umeyachanganya mambo mawili: kutojua, na hofu ya kugunduliwa kwamba hujui. La kwanza lina dawa, tena fupi kuliko unavyodhani. La pili halina uhusiano mkubwa na elimu, na wapo walioingia nalo chuoni wakatoka nalo.

Ushahidi wa hilo ni wa zamani. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana: wenye shahada za uzamivu, wataalamu wanaoheshimika katika fani zao, wanafunzi waliosifika kwa alama. Watu hao waliamini kwamba wamefika pale kwa bahati, au kwa kuwahadaa waliowapima, na kwamba siku moja siri itafichuka. Vyeti walikuwa navyo, hofu ikabaki palepale. Kwa hiyo ukienda chuo ili upone woga, utakuwa umelipa ada ya dawa isiyotibu ugonjwa wako. Zipo sababu nyingine nzuri za kwenda, na nitazifikia.

Kwanza turudi kwa kodi iliyoandikwa mara mbili, kwa maana hapo ndipo penye somo, na nadhani hakuna aliyekaa nawe akakueleza. Msimbo wako, yaani maandishi ya programu yako, sijauona, lakini kosa hili lina sura moja karibu kila linapotokea.

Unapomtumia mpangaji ombi la kulipa kupitia Daraja, API ya M-Pesa (mlango ambao programu nyingine hupitia kuzungumza na M-Pesa), seva ya Safaricom inakujibu papo hapo na kukupa namba ya ombi hilo, CheckoutRequestID. Jibu hilo linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mpangaji pengine hata hajakiona kile kidirisha cha kuweka PIN. Baadaye, akishaweka PIN au akighairi, unaletewa ujumbe wa pili kwenye anwani uliyoitaja, na ndani yake kuna ResultCode. Sifuri maana yake amelipa; 1032 maana yake amekatisha mwenyewe. Video nyingi za mafunzo huishia hapo: ujumbe umefika, ongeza kiasi kwenye akaunti ya mpangaji, andika "imelipwa", tukutane video ijayo.

Kinachoachwa nje ni kwamba ujumbe wowote unaopita mtandaoni unaweza kufika mara moja, usifike kabisa, au ufike mara mbili. Seva yako ikichelewa kujibu, aliyetuma hana njia ya kujua kama uliupata, na mfumo ulioandikwa kwa uangalifu hujaribu tena. Au pengine mmeweka kitufe cha "hakikisha malipo", mpangaji mwenye haraka akakibonyeza wakati uleule ujumbe unapoingia, na njia zote mbili zikaandika. Sasa soma msimbo wako ukiwa na picha hiyo kichwani. Ombi la kwanza linauliza: kodi hii imelipwa? Bado. Kabla halijaandika chochote, ombi la pili nalo linauliza swali lilelile na kupata jibu lilelile. Yote mawili yanaongeza. Kwenye laptopu yako jambo hili haliwezi kutokea, kwa sababu unajaribu ukiwa peke yako, ombi moja kwa wakati. Ndiyo maana ulitafuta siku mbili ukaambulia patupu: ulikagua mstari mmoja mmoja, na kila mstari ulikuwa sahihi. Kosa lilijificha katika ule muda mfupi kati ya mstari unaosoma na mstari unaoandika.

Mistari michache aliyoongeza kiongozi wenu yaelekea ilifanya mambo mawili. Iliweka sharti la upekee kwenye safu ya namba ya risiti ya M-Pesa, ili hifadhidata yenyewe ikatae risiti ileile ikija mara ya pili. Tena iliingiza kazi ya kuandika malipo na kazi ya kubadilisha salio ndani ya muamala mmoja, zitimie zote mbili au isitimie hata moja.

Usiishie kuyasoma haya, yafanye kwa mikono. Weka PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwenye laptopu yako, tengeneza jedwali la malipo lenye safu ya risiti yenye UNIQUE (ndilo lile sharti la upekee), kisha fungua kando kwa kando madirisha mawili ya psql, pale unapoiandikia amri. Katika yote mawili andika BEGIN, yaani anza muamala. Katika la kwanza ingiza risiti moja. Katika la pili ingiza risiti ileile. Utaona dirisha la pili limeganda, halisemi kitu. Linangoja la kwanza liamue. Andika COMMIT, yaani thibitisha, katika la kwanza, na papo hapo la pili litakurushia kosa la marudio. Rudia zoezi zima, safari hii uandike ROLLBACK, yaani futa yote, badala ya COMMIT, na utaona la pili linapita bila kelele. Ukishaliona dirisha hilo likingoja mwenzake, hutatikisa kichwa tena wenzako wakitaja miamala. Utakuwa na swali la kuwauliza.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la wiki hii. Sharti la upekee hugoma kuwekwa kwenye jedwali ambalo tayari lina marudio. Kama kiongozi wenu aliliweka bila tatizo, sawa. Kama alitumia njia nyingine, panga risiti zote kwa makundi, tafuta zilizojitokeza zaidi ya mara moja, umpelekee orodha. Mpangaji aliyelalamika ni yule aliyeangalia salio lake, na wengi hawaangalii.

Sasa, kwa nini wenzako walijua na wewe hukujua? Hawakuzidi akili. Anayejifundisha mwenyewe hufuata kazi iliyo mbele yake. Mteja anataka fomu, anajifunza fomu. Anataka malipo, anatafuta namna ya kuunganisha malipo. Kila kinachoonekana kwenye skrini anakikuta njiani. Kisichoonekana hakikuti mpaka kimvunjikie mkononi. Mwenye shahada, kwa upande wake, alilazimishwa kuketi muhula mzima akisoma hifadhidata, mwingine mifumo ya uendeshaji, mwingine mitandao, atake asitake. Mengi ameyasahau, waulize tu wenzako. Lakini alitoka na majina, na jina ndilo linalomwezesha mtu kutafuta. Wewe siku zile mbili ungeandika nini kwenye Google? "Malipo yanaingia mara mbili" inakuletea malalamiko ya wateja wa dunia nzima. Kiongozi wenu alikuwa na jina la tatizo kichwani hata kabla hajavuta kiti.

Hiyo ndiyo kazi ninayokupa: yape mapengo yako majina. Chukua daftari la karatasi, na kila unapojikuta unatikisa kichwa bila kuelewa, andika kilichotokea. Usiandike "sijui hifadhidata", maana sentensi hiyo haina mwisho na itakunyima usingizi. Andika "Jumanne ripoti ya kodi za mwaka ilichukua sekunde arubaini, wakasema haina indeksi." Hilo unaweza kulimaliza jioni moja. Weka neno EXPLAIN mbele ya ile hoja ya hifadhidata (swali unaloiuliza ikutafutie data) inayochelewa, nayo itakuonyesha inavyotafuta. Ukiona Seq Scan, ujue inasoma jedwali lote tangu mwanzo hadi mwisho kwa ajili ya mpangaji mmoja. Ikiwa na indeksi, inafuata orodha iliyopangwa. Orodha iliyopangwa yenye rekodi milioni moja, ukiigawa nusu kwa nusu, inakufikisha kwenye unayoitaka kwa hatua zipatazo ishirini, na indeksi za kawaida za hifadhidata hugawa katika mafungu mengi kwa mara moja, si mawili tu, hivyo hatua huwa chache zaidi ya hapo. Basi, ukishaelewa kwa nini hatua ishirini zinashinda hatua milioni, umeshaingia kwenye yale mazungumzo ya algoriti uliyokuwa ukiyaogopa. Sehemu kubwa yake ni hesabu ya namna hiyo: data ikiongezeka mara kumi, kazi inaongezeka mara ngapi?

Ukilijaza daftari mwezi mmoja utaona kwamba mistari inajirundika sehemu chache. Kwa kazi yako natabiri rundo kubwa litakuwa hifadhidata, likifuatwa na mtandao: HTTP (kanuni ambazo kivinjari na seva huzungumza kwazo), nini hutokea ombi likikatika katikati, kwa nini mtu huingia akaunti na kubaki ameingia. Anzia hapo. Usijali sana nadharia ya lugha za kompyuta wala hesabu za juu mpaka kazi ikudai. Mafumbo ya algoriti ya kwenye usaili nayo yaache kabisa hadi siku unayotafuta kazi kwingine.

Habari njema ni kwamba mambo ya chini hayahamihami. Fremuweki ya JavaScript, yaani kiunzi tayari cha kujengea tovuti, uliyoihangaikia mwaka juzi huenda leo watu wanaicheka. Lakini Edgar Codd wa IBM alichapisha wazo la hifadhidata ya majedwali mwaka 1970, na mti unaobeba indeksi nyingi hadi leo, B-tree, ulielezwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight katika makala iliyochapishwa mwaka 1972. Ukivielewa mara moja, vinakufaa hadi ustaafu. Sijui kwa nini vijana wengi wa mjini wanakimbilia fremuweki ya tano kabla ya kuelewa hifadhidata ya kwanza. Nadhani ni kwa sababu matangazo ya kazi hutaja fremuweki.

Kwa ramani ya jumla, fuata kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard. Ni ya bure mtandaoni. Wiki za mwanzo zinatumia lugha ya C, na wengi waliojifundisha wenyewe huziruka kwa kuona haziwahusu. Usiziruke. Ndizo zinazokuonyesha kumbukumbu ya kompyuta ilivyo, kwa nini neno lina urefu, kwa nini namba ina kikomo. Na ukitaka kuona leo hii kwamba msingi huo unahusu kodi za watu wa Umoja, fungua kivinjari, bonyeza F12, ingia sehemu ya Console, andika 0.1 + 0.2. Utajibiwa 0.30000000000000004. Kisha nenda kaangalie kama mfumo wenu unahifadhi shilingi kwa aina hiyo ya namba za desimali. Kama ndivyo, pendekeza mhifadhi senti kama namba kamili, au mtumie NUMERIC, aina ya namba ya hifadhidata inayotunza desimali kamili. Hapo wewe ndiye utakuwa umeleta jambo mezani.

Kuhusu muda: najua foleni ya kutoka Umoja hadi Kilimani, najua bando zinavyoisha, na token za stima. Jioni tatu kwa wiki, saa moja moja, zinatosha. Pakua video ukiwa ofisini kwenye Wi-Fi. Kwenye matatu soma tu, usijaribu kuandika msimbo kwenye simu, utachukia kazi. Wikendi moja kati ya mbili usiguse kompyuta.

Na zile zana za akili unde ambazo sasa kila mtu anazo: zitumie kama mtu wa kukuulizia maswali, uzinyime kalamu kwa muda katika yale unayojifunza. Ukiziagiza "niandikie sehemu ya kupokea malipo", zinaweza kukuandikia ileile soma-ongeza-andika, imepangwa vizuri na ina maelezo ya kupendeza, nawe hutakuwa na jicho la kuona kinachokosekana. Badala yake ubandike msimbo wako mwenyewe uulize, "Ujumbe huu ukifika mara mbili kwa wakati mmoja, itakuwaje?" Jibu utakalopewa likajaribu kwenye yale madirisha mawili, kwa sababu zana hizi pia hukosea, na hukosea bila aibu yoyote.

Sasa ofisini. Acha kutikisa kichwa. Kila unapofanya hivyo unatengeneza deni, maana kesho watakuzungumzia kama mtu aliyeelewa. Sentensi ya kutumia ni nyepesi: "Nimekufuata mpaka hapo kwenye indeksi. Kwa nini isisaidie kwenye hoja hii?" Umeonyesha ulipofika na unapokwama, na mwenzako anajua aanzie wapi. Kusema "sijaelewa kitu" humchosha anayeeleza, naye hukupa jibu la kukuondoa.

Tena usidharau suala la lugha. Mikutano mingi ya kazi yetu hapa Nairobi inaendeshwa kwa Kiingereza cha haraka, na mtu mwoga huchukulia kasi hiyo kuwa ndiyo ujuzi. Mkitoka kwenda kula chapo madondo, mwombe mmoja wao akueleze jambo lilelile kwa Kiswahili, au kwa Sheng mkipenda. Anayelielewa atalieleza vizuri tu. Asiyelielewa ataanza kurudia maneno ya mkutanoni, na hapo utajua mko wawili.

Kiongozi wenu aliposema "haya ni mambo ya kawaida", wewe ulisikia dharau. Huenda alimaanisha kwamba kosa hilo kila mmoja wetu hukutana nalo, na katika kazi hii huo ni ukweli mtupu. Muulize. Mwambie, "Ile siku ya malipo nilitaka kuelewa kwa nini ilitokea. Nimejaribu hivi na hivi, je, ndivyo ulivyofanya?" Akiwa mtu wa maana atafurahi. Na hapa kampuni yenu nayo ina lawama yake: msimbo unaogusa pesa uliingiaje kazini bila mwenzako hata mmoja kuusoma? Omba kuanzia sasa kila unachoandika kwenye malipo kisomwe na mtu wa pili kabla hakijaenda kwa wateja. Ombi hilo halikufichui. Kwenye ofisi zinazojiheshimu hata msimbo wa mkubwa wa wote husomwa na mwingine kwanza.

Na habari ya kuitwa uambiwe umegunduliwa: wamekulipa mishahara ya miaka miwili na zaidi wakiiona kazi yako kila siku. Hawajui usichokijua kuliko wewe, lakini wanajua unachokifanya, na wameendelea kukulipa.

Kuhusu chuo, basi. Kama unataka kazi serikalini, shahada utahitaji, kwa kuwa matangazo mengi ya nafasi hizo huidai waziwazi. Kama ndoto yako ni kwenda kusoma uzamili ng'ambo, au kuhamia nchi inayohesabu vyeti wakati wa kutoa kibali cha kazi, utahitaji vilevile. Na kama unapenda tu kusoma kwa utaratibu, ukiwa na walimu na wenzako wa darasa, hiyo ni sababu halali kama nyingine yoyote. Nje ya hizo, miaka minne ni bei kubwa kwa mambo ambayo mengi yake utayapata kwa mwaka mmoja na nusu wa jioni zile tatu.

Ukiamua kwenda, usiache kazi. Vyuo kadhaa hapa mjini vina madarasa ya jioni na ya wikendi, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, hufundisha kwa mtandao, kwa hiyo foleni haikuhusu. Fuata CS50 kwanza hadi mwisho kabla ya kujisajili. Utakuwa umejua kama kusoma namna hiyo kunakufaa, na hutakuwa umetoa shilingi hata moja ya ada. Usikope kwa riba ili ulipe muhula wa kwanza. Uliza kampuni yako kama inaweza kuchangia. Baadhi ya waajiri hukubali, kwa sharti kwamba ubaki nao muda fulani baada ya kuhitimu, na ukiondoka mapema unarudisha pesa. Soma kifungu hicho mara mbili kabla ya kutia sahihi.